Uzi: Aue, mji mdogo wa wachimba urani uliokataa kunyang'anywa timu yake

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuatilia historia ya mpira wa miguu wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki, na katika klabu zote nilizozisoma hakuna iliyonigusa kama klabu ya mji wa Aue. Leo naomba niieleze kwa kirefu, kwa sababu naamini haipewi uzito inaostahili. Inapotajwa, hutajwa kama kiroja cha mji mdogo uliowahi kuwa bingwa wa nchi, kisha msimuliaji anakimbilia Berlin, Dresden au Magdeburg.

Aue umo bondeni, pale mto Schwarzwasser unapoingia mto Zwickauer Mulde, kwenye milima ya Erzgebirge huko Saksonia, karibu na mpaka wa nchi ya Wacheki. Maana ya neno Erzgebirge ni milima ya madini, na watu wa huko wamechimba fedha, bati na kobalti kwa karne nyingi. Nianze na suala la jina, kwa kuwa sehemu kubwa ya historia ya klabu hii imo ndani ya majina iliyovishwa.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, mataifa yaliyoshinda yalivunja vyama vyote vya michezo vya zamani vya Ujerumani. Mwaka 1946 wachezaji wa mji huo wakaanza upya kwa jina la SG Aue, yaani jumuiya ya michezo ya Aue, bila mapambo yoyote. Mwaka 1948, ilipoanza kupangwa kwamba kila timu iwe chini ya kiwanda au sekta fulani ya uzalishaji, ikawa Pneumatik Aue. Baadaye ikawa Zentra Wismut, na kuanzia mwaka 1951 ikawa BSG Wismut Aue. Herufi hizo tatu, BSG, zilimaanisha jumuiya ya michezo ya mahali pa kazi.

Sasa, Wismut ni nini? Kwa Kijerumani ni bismuthi, madini yasiyomtisha mtu. Lakini kampuni iliyobeba jina hilo haikuwa na haja na bismuthi. Ilikuwa kampuni ya Kisovieti, iliyoundwa mwaka 1947 ili kuchimba urani ya kutengenezea bomu la atomiki, na jina liliwekwa kuficha kilichokuwa kikitafutwa. Kwa hiyo mashabiki waliokuwa wakiita jina la timu yao kila wiki walikuwa wakiita jina lililobuniwa ili kuficha siri ya kijeshi ya dola nyingine. Sijui klabu nyingine yenye jina la namna hiyo, na kila nikilifikiria naona jinsi siasa ilivyokuwa imeingia hadi ndani ya pumzi ya uwanjani.

Mwaka 1950 walijenga uwanja wao, ukapewa jina la Otto Grotewohl, waziri mkuu wa kwanza wa Ujerumani Mashariki. Mwaka uliofuata timu ikapanda ligi kuu, yaani Oberliga.

Ndipo tunafika mwaka 1954, ambao kwangu ndio moyo wa habari yote. Viongozi wa michezo wa nchi hiyo waliamua kuunda vituo vikubwa, vilivyoitwa vilabu vya michezo, katika miji mikuu ya mikoa, na timu nzuri za miji midogo zihamishiwe huko. Mji mkuu wa mkoa wa Aue ulikuwa Chemnitz, ambao mwaka mmoja kabla ulikuwa umebadilishwa jina na kuitwa Karl-Marx-Stadt. Amri ikawa kwamba timu ya Aue iwe ya Karl-Marx-Stadt. Wachimbaji wakakataa. Baada ya mvutano, yakapatikana makubaliano ya ajabu: timu ilichukua jina la SC Wismut Karl-Marx-Stadt, lakini mechi zake za nyumbani zikaendelea kuchezwa Aue, mbele ya watu wale wale. Kwa takribani miaka tisa, gazeti liliandika mji mmoja na mpira ukachezwa katika mji mwingine.

Nitaendelea, ila kwanza napokea maswali.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante kwa mada, mkuu. Nina swali moja. Umesema viongozi walihamisha timu za miji midogo. Je, ziko zilizohamishwa kweli, au Aue waliogopa kitu ambacho kisingetokea? Maana amri nyingi hutangazwa, lakini chache hutekelezwa.

Mleta mada

Swali zuri sana, ndugu yangu, na jibu lake liko kilomita chache tu kutoka Aue.

Katika bonde lile lile kuna mji mdogo zaidi uitwao Lauter. Timu yake, Empor Lauter, ilikuwa ikicheza ligi kuu, na katika msimu wa 1954/55 ilianza vizuri mno, ikawa inaongoza ligi. Msimu ukiwa unaendelea, katika vuli ya 1954, timu ilichukuliwa na kupelekwa Rostock, mji wa bandari ulio pwani ya Baltiki, upande wa pili kabisa wa nchi. Eneo la kaskazini halikuwa na timu ya maana katika ligi kuu, wakuu wa chama tawala huko walitaka timu, na Lauter ikawa ndiyo ya kutolewa. Wachezaji waliokwenda waliendelea na msimu huo huo wakiwa Empor Rostock. Watu wa Lauter walikuwa na timu ya kuongoza ligi, wakaamka hawana timu.

Haikuwa Lauter peke yake. Mwaka 1953 timu ya jeshi, Vorwärts, ilitolewa Leipzig ikapelekwa Berlin. Katika vuli ile ile ya 1954 wachezaji wa Dynamo Dresden, waliokuwa mabingwa wa mwaka 1953, walihamishiwa Berlin. Kwa hiyo watu wa Aue hawakuwa wakiogopa kivuli.

Swali linalofuata lenyewe ni hili: kwa nini Lauter ilishindwa na Aue ikafaulu? Nimelitafakari sana. Lauter haikuwa na nguvu nyuma yake. Aue ilikuwa na wachimba urani. Mwezi Juni 1953 nchi nzima ilikuwa imetikiswa na maandamano ya wafanyakazi, na vifaru vya Kisovieti ndivyo vilivyoyazima. Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, ni kiongozi gani angependa kuwachokoza kwa ajili ya mpira watu ambao jasho lao lilikuwa likilisha mpango wa nyuklia wa Moscow? Hayo ni maoni yangu mimi, lakini nikizilinganisha timu hizo mbili za bonde moja, sioni maelezo mengine yanayotosha.

Kisha mwaka 1955 fainali ya kombe la taifa ikawakutanisha SC Wismut Karl-Marx-Stadt na Empor Rostock. Soma majina hayo kwenye kumbukumbu, utadhani ni mechi kati ya mji wa viwanda wa kusini na bandari ya kaskazini. Kumbe ni timu mbili zilizokulia katika bonde moja, majirani wa kutembeleana kwa miguu, moja ikiwa imebakizwa na nyingine ikiwa imehamishwa. Wismut walishinda 3-2 baada ya muda wa nyongeza. Mimi fainali hiyo naiona kuwa mechi ya huzuni kuliko zote katika historia ya kombe hilo, ingawa takwimu zake haziwezi kukuonyesha huzuni hiyo.

Naendelea na miaka ya neema. Wismut walikuwa mabingwa wa nchi mwaka 1956, 1957 na 1959. Wakati huo ligi ilikuwa ikichezwa kwa kufuata mwaka wa kalenda, kama ilivyokuwa kwa Wasovieti. Hata katika ngwe fupi ya vuli ya 1955, iliyochezwa kuvuka kutoka ratiba ya zamani kwenda mpya, wao ndio waliomaliza wa kwanza, ila haikuhesabiwa kuwa ubingwa.

Mchezaji ninayempenda zaidi wa kikosi hicho ni Willy Tröger. Alipoteza mkono wake wa kulia vitani akiwa bado kijana mdogo, kisha akawa mfungaji bora wa ligi katika msimu wa 1954/55 kwa mabao 22, akaichezea pia timu ya taifa. Fikiria mshambuliaji wa kati anayepigania mipira ya juu, anayesukumwa na kuanguka, bila mkono mmoja wa kujizuia. Mwenzake Manfred Kaiser alikuja kuwa mchezaji wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya mwanasoka bora wa mwaka wa Ujerumani Mashariki, mwaka 1963.

Na kuna tarehe 6 Oktoba 1956. Siku hiyo Wismut waliwakaribisha Kaiserslautern ya Ujerumani Magharibi katika uwanja mpya wa Leipzig, mbele ya watu waliozidi 100,000. Kaiserslautern ilikuwa na Fritz Walter, nahodha wa timu iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1954. Wageni walishinda 5-3, na Walter akafunga bao ambalo Wajerumani wanalizungumzia hadi leo: mpira ulikuja nyuma yake, mwili wake ukiwa umekwisha kuanguka kwa mbele, akaupiga kwa kisigino ukaingia wavuni. Ukuta wa Berlin ulikuwa bado haujajengwa, lakini nchi zilikuwa tayari mbili, na umati ule ulikuwa wa watu wanaojua kwamba nafasi kama hiyo huenda isijirudie. Inaniuma kidogo kwamba mechi hiyo hukumbukwa kwa kisigino cha Walter peke yake. Timu ya wachimbaji iliwafunga mabao 3 watu waliokuwa na mabingwa kadhaa wa dunia uwanjani.

Mwaka uliofuata Aue iliingia Kombe la Ulaya la klabu bingwa. Iliitoa Gwardia ya Warszawa kwa kurusha sarafu, baada ya mechi ya tatu kukatishwa ikiwa sare kwa sababu taa za uwanja zilizimika. Kisha, mwezi Novemba 1957, Ajax ya Amsterdam ilifika Aue kucheza mechi yake ya kwanza kabisa ya mashindano hayo, ikashinda 3-1. Safari ya Ajax katika Kombe la Ulaya, ambayo baadaye ilizaa mataji yanayojulikana na kila mpenzi wa mpira, ilianzia katika bonde la wachimba urani. Katika msimu wa 1958/59 Wismut walifika robo fainali, wakatolewa na Young Boys ya Bern baada ya mechi tatu.

Mchangiaji wa pili

Mleta mada, nimekusoma kwa makini na naheshimu kazi uliyoifanya. Lakini hapa naomba nitofautiane nawe. Unaieleza Aue kama mji mnyonge uliopambana na dola. Wismut ilikuwa dola yenyewe! Ilikuwa na hospitali zake, maduka yake, uongozi wake wa chama, na mishahara iliyowazidi wafanyakazi wengine. Timu iliyolishwa na kampuni ya namna hiyo haiwezi kuwekwa kundi moja na Lauter. Wachezaji wazuri walikuwa na sababu za kwenda Aue ambazo hazikuhusiana na mapenzi ya mji.

Mleta mada

Nakubali sehemu kubwa ya hoja yako, na nashukuru umeileta, kwa sababu mimi mwenyewe niliposoma habari hii mara ya kwanza nilianguka katika kosa hilo hilo la kuifanya kuwa hadithi ya wema na wabaya. Ukweli ni kwamba Aue ilimshinda mkubwa mmoja kwa kuegemea mkubwa mwingine. Kama si kampuni ile, mji ule usingeona ligi kuu, na katika vuli ya 1954 usingekuwa na mtu wa kuusikiliza.

Lakini naomba tuitazame pia gharama ya neema hiyo, kwa sababu mishahara na maduka havikutolewa bure. Mwanzoni watu wengi hawakwenda migodini kwa hiari yao, bali waliamriwa na ofisi za kazi. Walichimba wakiwa wamezungukwa na vumbi na gesi ya radoni, yenye mionzi, na katika miaka ile ya kwanza kinga ilikuwa haba mno. Maelfu waliugua saratani ya mapafu, na wengine wengi waliugua mapafu kwa sababu ya vumbi la mawe. Jirani ya Aue kulikuwa na mji wa Oberschlema, uliojulikana kabla ya vita kwa chemchemi zake za maji ya radoni yaliyosifiwa kuwa dawa, na watu walikuja kutoka mbali kujitibu. Uchimbaji uliuharibu mji huo vibaya ndani ya miaka michache. Hadi mwaka 1990 zilikuwa zimetolewa takribani tani 231,000 za urani katika migodi ya kampuni hiyo. Kwa hiyo mchimbaji aliyesimama uwanjani akidai timu ibaki Aue alikuwa akidai kitu ambacho, kwa maoni yangu, alikwisha kukilipia kwa afya yake. Hilo halimfanyi Lauter astahili kunyang'anywa. Linaonyesha tu kwamba upendeleo na mateso vinaweza kumkaa mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Tena, upendeleo wenyewe haukudumu. Mwaka 1963 klabu kubwa ya Karl-Marx-Stadt ilipangwa upya, na wanasoka wa Wismut wakarudishwa rasmi Aue wakiwa BSG Wismut Aue, jina lao la awali. Watu wa mjini walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini miaka michache baadaye, vituo maalumu vya soka vilipoundwa, Aue haikuwamo. Maana yake ilikuwa nzito: vijana wenye vipaji walielekezwa kwenye vituo hivyo, na timu za viwanda zilibaki na waliosalia. Karl-Marx-Stadt, mji uliokuwa umeazimisha jina lake tu kwa miaka tisa, ulipata timu yake halisi, ikawa bingwa mwaka 1967.

Hapo ndipo Aue ilinishangaza zaidi kuliko katika miaka ya mataji. Timu iliyonyimwa vipaji ilitarajiwa kushuka daraja baada ya msimu mmoja au miwili, na nyingi za aina yake zilipanda na kushuka. Aue haikushuka. Ilimaliza katikati, ikamaliza karibu na mkia, ikaponea siku za mwisho, mwaka baada ya mwaka, hadi ikatimiza misimu 38 mfululizo katika Oberliga. Hakuna klabu iliyocheza mechi nyingi katika ligi hiyo kuliko Aue: ni 1,019. Hata Dynamo ya Berlin, iliyotwaa ubingwa mara 10 mfululizo ikiwa chini ya mkuu wa usalama wa taifa, ilibidi ipande hadi kwenye bonde lile lenye baridi na kucheza mbele ya wachimbaji wanaosalimiana kwa «Glück auf», salamu ya kumtakia mtu arudi juu salama kutoka chini ya ardhi.

Mchangiaji wa kwanza

Nimekuelewa, mkuu. Sasa tueleze kilichotokea baada ya Ukuta kuanguka. Kampuni iliyoilea klabu ilikufa, nchi yenyewe ilikufa. Aue ilisimamaje?

Mleta mada

Nusura isisimame. Na wakati wa kuanguka kwake ulikuwa mbaya kuliko wakati wowote mwingine.

Aue ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 1989/90, baada ya misimu hiyo 38 ya kukaa juu. Msimu uliofuata, 1990/91, ndio uliokuwa wa mwisho wa ligi ya mashariki, na ndio uliotumika kugawa nafasi katika ligi za Ujerumani iliyoungana: timu mbili za kwanza ziliingia Bundesliga, na sita nyingine daraja la pili. Aue ilikosa kushiriki mgao huo kwa mwaka mmoja tu. Bingwa wa msimu huo wa mwisho alikuwa Hansa Rostock. Hansa ndiyo klabu iliyotokana na ile Empor iliyochukuliwa Lauter mwaka 1954. Yaani tawi lililong'olewa katika bonde likaingia Bundesliga, na shina lililobaki bondeni likaingia daraja la tatu. Baada ya kuyajua haya, sikuweza tena kuitazama historia ya Aue kama ushindi mtupu wa waliokataa kuhama.

Uchimbaji wa urani ulikoma mwishoni mwa mwaka 1990. Kampuni ikawa ya serikali ya shirikisho, na kazi yake ikageuka: kujaza mashimo, kusafisha maji, na kufunika milima ya kifusi chenye mionzi. Maelfu kwa maelfu ya watu walikosa kazi katika eneo hilo. Klabu, iliyokuwa imejiita FC Wismut Aue katika kipindi cha mpito, ilibadilisha jina tena mwaka 1993 na kuwa FC Erzgebirge Aue. Uwanja nao ukaachana na jina la Grotewohl. Safari hii haikuwa amri ya chama. Ilikuwa kwamba mfadhili aliyewapa jina hakuwa tena mfadhili, na klabu ilihitaji kuzungumza na wafanyabiashara wa eneo zima la milimani.

Walijijenga polepole. Mwaka 2003 walipanda daraja la pili la Ujerumani kwa mara ya kwanza, wakadumu hadi 2008. Wakarudi mwaka 2010, na msimu huo wa kurudi wakamaliza nafasi ya 5, jambo kubwa kwa mji wenye watu wasiofika hata 20,000. Wakashuka 2015, wakapanda 2016, wakashuka tena 2022. Jumla ni misimu 16 katika daraja ambalo miji yenye watu mara 20 zaidi yao imehangaika kulifikia. Uwanja ulijengwa upya pale pale ulipokuwa tangu mwaka 1950.

Mchangiaji wa pili

Swali la mwisho kwangu. Kama kampuni iliua watu na jina lilikuwa la kuficha siri, kwa nini mashabiki bado wanaimba «Wismut» uwanjani?

Mleta mada

Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu, na sitaki kulijibu kwa wepesi. Wapo watakaosema ni kumbukumbu tamu za utawala wa zamani, na pengine kwa baadhi ya watu ni hivyo. Mimi naona jina lilihama mikono. Wasovieti walilileta kama pazia, chama kikalibandika juu ya jina la mji mwingine, lakini watu waliolitamka kila wiki kwa miaka 40 walikuwa wachimbaji na watoto wao. Kwao Wismut ni baba aliyeshuka shimoni na kukohoa usiku, ni mshahara, ni Tröger akipaa kupiga kichwa. Nembo ya klabu hadi leo ina nyundo mbili zilizopishana na herufi W, ingawa katika jina rasmi la klabu hakuna tena neno linaloanza kwa herufi hiyo.

Karl-Marx-Stadt ilirudia jina lake la Chemnitz mwaka 1990, baada ya wakazi wake kupiga kura. Na mji wa Aue wenyewe uliunganishwa na Bad Schlema mwanzoni mwa mwaka 2019, kwa hiyo katika hati za serikali unaitwa Aue-Bad Schlema. Klabu haikubadilika safari hii. Bado inaitwa Aue.